Nyasi za Bonde Lililozama

Kama yupo mtu aliyewajua walimu wa idara ile ya viumbe hai ya chuo kuliko walivyojijua wenyewe, basi ni msichana aliyefagia vyumba vyao. Walimwita Dada Funguo, kwa sababu funguo zote za ghorofa ya pili zilining'inia kiunoni mwake, na akitembea alisikika kabla hajaonekana. Shule aliishia darasa la saba. Maneno hakuwa nayo mengi, ila macho alikuwa nayo, na anayefagia chini ya meza ya mtu kwa miaka minne humjua mtu huyo mpaka uvunguni.

Wiki ile idara nzima ilikuwa matumbo moto. Wageni wa ukaguzi walikuwa waje Alhamisi. Mkuu wa Idara, mama mrefu aliyelelewa na fundi cherehani na kwa hiyo hakuvumilia kitu chochote kilichokaa upande, alimpa kila mwalimu fomu yenye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa "Asili yako", cha pili "Mapendeleo yako". Fomu hizo zilikuwa zibandikwe ukutani, kila moja na picha yake, ili wageni wajue wanazungumza na nani.

Dada Funguo alizisoma zote huku akifuta vumbi, akicheka kimoyomoyo. Mkuu aliandika kwamba anapendelea "uongozi na mipango". Haya. Lakini jioni akishafunga mlango, Mkuu huyo huyo alifumua mapindo ya mapazia ya ofisi na kuyashona upya, eti hayakunyooka. Mwalimu wa wadudu, ambaye wanafunzi walimwita Daktari Mende, aliandika kwamba ametoka katika "familia ya usafirishaji" na kwamba anapendelea "udhibiti wa wadudu wa ghalani". Droo yake ya chini ilikuwa na redio saba zilizotolewa matumbo, na siku moja Dada alimkuta amelala chali chini ya gari la mwenzake, tai shingoni, anaimba.

Fomu ya Mzee Nyasi, mwalimu wa mimea, peke yake ndiyo iliyokuwa tupu.

"Mzee, Mkuu anaulizia fomu," Dada alimwambia Jumatatu.

"Asili yangu iko chini ya maji, mwanangu. Niandike nini, kwamba mimi ni samaki?"

Alicheka, lakini kalamu hakuishika.

Kila mtu pale alijua kisa chake, ila Dada alikijua kwa urefu, maana mchana Mzee alipenda kusimulia na yeye alipenda kusikiliza. Mzee alizaliwa katika bonde ambalo sasa ni bwawa la umeme. Mwaka wa mwisho kabla maji hayajafunguliwa, akiwa mwalimu kijana, alilitembea bonde lote kwa miguu, akikata kila aina ya nyasi iliyomea humo na kuilaza ndani ya gazeti kuukuu ili ikauke. Siku walipokuja kuibomoa nyumba yao, alichomoa konzi moja ya nyasi za paa la mama yake, naye akailaza gazetini kama nyingine. Mama alihamishiwa tambarare ya mbali. Aliishi huko miaka kumi na moja, na mpaka anakata roho alikuwa akipaita "huku". Hakuwahi kupaita nyumbani.

Nyasi hizo ndizo zilizobaki. Zilikaa kwenye makabati ya chumba cha mwisho ukumbini, zimo ndani ya magazeti yale yale ya zamani, kila moja na kikaratasi chenye namba na mahali ilipokatwa: mlango wa zizi, kisima cha chini, njia ya makaburini. Kati yake zilichanganyika na nyasi za kawaida, zilizokatwa kandokando ya barabara za mji kwa ajili ya kufundishia, kwa sababu Mzee alizipanga kwa aina na si kwa mahali. Alhamisi wageni ndio wangeamua kama chumba kile kibaki cha nyasi au kiwekwe kompyuta.

Majuma mawili nyuma, Mkuu alikuwa ameingia mle, akavuta kikaratasi kimoja na kukunja uso.

"Hii mikwaruzo ya kuku ya penseli, nani ataisoma? Dada ana mwandiko mzuri. Aandike upya, kwa wino."

Dada akaandika upya, vyote, mchana baada ya mchana, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Mzee alivitazama akasema, "Sasa hata bonde lenyewe lingejiona limevaa suti." Vile vya zamani Mkuu aliamuru vichomwe, navyo vikachomwa.

Kisha wakaingia fukusi. Daktari Mende ndiye aliyewagundua, vidudu vidogo kama punje za pilipili manga, wanatafuna shina la nyasi kavu na kuacha unga.

"Usipige dawa," alimwambia Mzee. "Funga mafungu yako kwenye mifuko, tuyatie kwenye friza langu siku mbili. Baridi itawaua wote, wao na mayai yao."

Mifuko iliyopatikana ilikuwa myeusi, ile ya taka. Jumanne asubuhi mafungu yalifungwa, mifuko minne, ikawekwa mlangoni pa Daktari Mende ikingoja friza lifutwe barafu. Asubuhi hiyo hiyo, kwa amri ya Mkuu, Dada alikuwa ametoa magazeti yote ya zamani katika chumba cha kusomea. Nayo aliyatia kwenye mifuko myeusi, mitano, akaipanga ukutani upande wa pili wa ukumbi. Lori la kiwanda cha trei za mayai lilikuwa lije kuichukua.

Alijua kabisa ipi ni ipi. Yeye! Angeweza kuitofautisha hata gizani, kwa uzito tu. Alikusudia asimame pale mpaka lori lije, ili mwenye lori asikosee.

Lakini saa tatu Mkuu alimwita aje kushika shuka. Walimu walikuwa wanapigwa picha za fomu, na Mkuu alitaka nyuma ya kila kichwa kuwe kweupe na kumenyooka. Basi Dada akasimama juu ya kiti nyuma ya shuka jeupe, mikono juu, huku mbele yake walimu wakipita mmoja mmoja na kubishana.

"Cheka kidogo, Daktari."

"Nikicheka naonekana kama konda."

"Basi usicheke. Dada, upande wa kushoto umelegea!"

Hapo ndipo sauti ya kiume iliposikika kutoka ukumbini: "Jamani, wa magazeti! Nichukue yapi?"

Dada alitaka kushuka. "Usitikisike!" Mkuu akamwambia. "Picha hii ni ya tatu."

Dada akapaza sauti kutoka nyuma ya shuka, bila kuona chochote isipokuwa weupe ule: "Chukua mifuko yote myeusi iliyo ukutani!"

Mlango wa Daktari Mende uko ukutani. Mlango gani hauko ukutani?

Aliposhuka, ukumbi ulikuwa mtupu na msafi kama alivyoagizwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, halafu akatazama tena kulia. Mbele ya mlango wa Daktari Mende hapakuwa na hata mfuko mmoja.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, na lilimjia likiwa limejiandaa vizuri: dereva ndiye aliyekosea, mimi nilisema magazeti. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda, funguo zikimpigia kelele kiunoni, mpaka chumba cha mwisho.

Mzee alikuwa amekaa na fomu yake, ndara miguuni kama kawaida yake akiwa ofisini.

"Mzee, mifuko imekwenda."

"Imekwenda kwenye friza?"

"Imekwenda na lori. Ni mimi, Mzee. Nilisema wachukue yote."

Mzee hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliinama akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza, akikipapasa kimoja na kukiacha, akakipapasa tena, kama mtu aliyesahau viatu ni vya nini. Mwishowe akainuka na ndara zake.

"Kiwanda kiko wapi?" aliuliza.

Daktari Mende, aliyekuwa bado na poda ya picha usoni, alisikia na kutoka mbio na ufunguo wa gari. Mkuu akawakuta kwenye ngazi.

"Mnakwenda wapi nyote? Wageni ni keshokutwa!"

"Wageni watakuta kabati tupu, Mkuu," Daktari Mende akasema bila kusimama. "Waandikie kwenye fomu kwamba tunapendelea makabati."

Gari lilikuwa kuukuu, lakini Daktari Mende aliliendesha kwa namna ambayo Dada hakuwahi kuona mtu mwenye shahada akiendesha. Alipita kushoto kwa malori, alipita kwenye vumbi la pembeni, aliwatukana madereva kwa matusi mafupi ya kitaalamu. Kwenye kiti cha nyuma, Dada alipiga simu ya mwenye lori mara tisa. Haikupatikana. Mzee alikaa mbele, mikono mapajani, akihesabu kwa kunong'ona. Hakuwa akihesabu vitu. Alikuwa akitaja mahali. Mlango wa zizi. Kisima cha chini. Njia ya makaburini. Mwinuko wa mawe mawili.

"Wanayafanya nini magazeti?" aliuliza ghafla.

Dada alijua. Aliwahi kuona. Wanayaloweka.

Kiwanda kilikuwa banda refu la bati lenye harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Katikati palikuwa na tangi la saruji, kubwa kuliko chumba cha darasa, na ndani yake mapanga ya chuma yalizunguka polepole yakikoroga uji wa kijivu. Kando ya tangi palikuwa na mlima wa mifuko, na vijana wawili wakiipasua na kumimina.

"Simamisheni!" Dada alipiga ukelele tangu mlangoni.

Msimamizi, mtu mnene mwenye taulo begani, akageuka taratibu. "Nani huyo anayenisimamishia kazi? Serikali?"

"Kuna mifuko yetu humo, kaka yangu. Si magazeti. Yaani ni magazeti, lakini ndani kuna nyasi."

"Nyasi?" Msimamizi akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Tumeibiwa nyasi. Dada, hapa ng'ombe hatufugi."

Mzee aliinua mkono aseme, akasema kwa lugha yake ya darasani: "Bwana, hiyo ni sampuli ya uoto wa asili wa eneo ambalo—"

"Nini?" msimamizi akamkatiza.

Hapo Daktari Mende alifungua tai, akaitia mfukoni, na sauti ikamtoka ambayo haikuwa kwenye fomu yake.

"We bosi, acha mbwembwe! Mimi nimelala juu ya magunia miaka sita, utingo wa baba yangu mzazi, kiwanda hakinitishi. Mzigo umeshushwa kwa makosa. Mzigo wa mtu ukishushwa kwa makosa unafanyaje? Unasimama au hausimami?"

"Unasimama," msimamizi akakubali, kama aliyeulizwa jina lake.

"Basi zima."

"Swichi iko—"

Lakini Daktari Mende alikwisha kuiona, nyuma ya injini, akaishusha. Mapanga yakazunguka mara mbili zaidi kwa uvivu, yakakoma. "Na mkanda wako umelegea," aliongeza. "Wiki haiishi utakatika."

Katika mlima ule walipata mfuko mmoja wa Mzee, mzima, haujaguswa. Dada aliukumbatia kama mtoto aliyetolewa kisimani. Wakatafuta wa pili, wa tatu, wa nne. Wakapindua kila kitu. Mmoja wa wale vijana alijikuna kichwa akasema, "Mingine mitatu ilikuwa mizito mizito hivi? Tumeanza na hiyo."

Dada aliingia tangini na nguo zake. Uji ulimfika kifuani, baridi, ukimvuta miguu. Alitumbukiza mikono akaitoa, magazeti yaliyogeuka utando, na katikati yake, mabua ya nyasi yaliyolowa yakiteleza vidoleni kama nywele. Daktari Mende naye akaingia. Vijana wa kiwanda, kwanza wakicheka, kisha bila kucheka, wakachukua vichujio vyao vya kuchujia uji wakaanza kuvua. Kila kilichovuliwa kililazwa sakafuni mbele ya Mzee, ambaye alikuwa amepiga magoti juu ya saruji na ndara zimemtoka.

"Kikaratasi," alikuwa akisema. "Tafuteni vikaratasi."

Vikaratasi vilikuwepo. Vilitoka vingi, vyeupe, visafi. Wino wote ulikuwa umekwenda. Dada alikishika kimoja mwangani akaona bluu hafifu, kama mshipa chini ya ngozi, basi.

"Penseli haifi majini," Daktari Mende alisema, akikitazama. Halafu akakumbuka penseli zile zilikwenda wapi, akamtazama Dada, akafunga mdomo. Alichelewa.

"Si lipo daftari lako, Mzee?" Dada aliuliza, meno yakigongana. "Lile la safari?"

"Daftari linajua mahali kwa namba tu, mwanangu. Namba zilikuwa kwenye vikaratasi."

Wakaanza hivyo hivyo. Mzee aliinua bua moja, akalisafisha kwa kidole gumba, akalitazama karibu na jicho. Jina la nyasi lilimtoka mara moja, hakukosea hata moja. Lakini jina halikuwa shida. Nyasi ile ile ilimea bondeni, ikamea pia kando ya barabara nyuma ya chuo. Shida ilikuwa mahali.

"Hii haioti barabarani," alisema. "Hii inataka tope. Kisima cha chini. Andika."

Dada aliandika kwa penseli aliyoazimwa na msimamizi, juu ya vipande vya trei. Nyingine Mzee alizijua kwa udongo uliokwama mizizini. Nyingine Dada ndiye aliyezijua, na si kwa nyasi zenyewe. Bua moja lilikuwa bado limenata kwenye kipande cha gazeti chenye picha ya mpiga ngumi.

"Hii ni ya mwinuko wa mawe mawili," akasema haraka. "Nakumbuka. Huyu mpiga ngumi nilimwona nilipokuwa nikinakili. Na ile yenye harusi ni ya njia ya makaburini."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee. Bibi harusi alikuwa na pengo."

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, akaandika mwenyewe. Kwa muda wa kama saa nzima matumaini yaliingia bandani. Vijana walileta mabati ya kuanikia. Msimamizi naye alichuchumaa, akiuliza hii ni ipi, na hii je.

Kisha picha zikaisha. Udongo ukaisha. Yaliyobaki yalikuwa mabua matupu, hayana gazeti wala mzizi, rundo kubwa kuliko lile lililopata mahali. Mzee aliinua moja, akaligeuza, akaliweka kushoto. Akainua jingine, akaliweka kushoto. Kushoto kukajaa.

"Si uandike tu zimetoka bondeni?" Daktari Mende alisema kwa upole. "Nyingi zimetoka huko."

"Nyingi si zote. Nikitia moja ya barabarani nikaiita ya bondeni, atakayekuja baada yangu akiigundua, ataziamini hizi nyingine?"

"Nani atagundua, Mzee wangu?"

"Hata asigundue mtu."

Akaendelea kupekua, ila sasa Dada aliona hapekui ovyo. Alikuwa anatafuta kitu kimoja. Akavuta konzi tatu za nyasi, ndefu, za aina moja, zile za kuezekea. Akazilaza mbele yake, zimepangana. Zilikuwa sawa kama vidole vya mkono mmoja.

"Moja ni ya paa la mama," alisema. "Mbili nilizikata na wanafunzi, nyuma ya uwanja wa mpira. Wewe ulizinakili, mwanangu. Ulizishika. Ipi?"

Dada alizitazama. Alikumbuka kikaratasi, neno kwa neno: paa la nyumba ya mama, upande wa mlango. Alikumbuka alipokuwa ameketi na jua lilipokuwa limefika mezani. Nyasi zenyewe hakuzikumbuka. Alikuwa anatazama mwandiko wake.

Mzee alikuwa ameshika penseli, kipande cha trei juu ya goti, tayari. Dada aliona kwamba angeandika lolote atakaloambiwa. Mtu aliyekataa kuandika neno moja asilolijua, kwa hili moja angeandika. Neno lilikuwa dogo mno. "Hii." Angenyooshea kidole ile ya katikati, au ya kulia, na mzee huyu angeinuka kutoka kwenye saruji ile akiwa na kitu mkononi. Nani angejua? Yeye. Na kila akipita na fagio mbele ya kabati lile, angejua.

Kidole kilianza kwenda. Alikiona kikienda.

"Sijui, Mzee," alisema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Sijui. Nisamehe."

Mzee aliifumbata ile penseli ndani ya ngumi yake, akafumbua, akaiweka chini. Kisha akaanza kukusanya lile rundo la kushoto, yote, kwa mikono miwili, na zile tatu za kuezekea juu yake, akainuka kwa taabu.

"Baba, usifanye hivyo," Dada alisema. Hakuwahi kumwita baba. "Zichukue tu. Zichukue zote tatu, ukae nazo nyumbani."

"Nikae na mbili za uwanja wa mpira nikizililia?" Mzee alisema. "Kila siku nitakuwa nachagua. Leo hii, kesho ile. Hapana."

Alikwenda pekupeku mpaka ukingoni mwa tangi, akafungua mikono. Nyasi hazikuzama mara moja. Zilitandaa juu ya uji wa kijivu, zikaelea, na yeye akabaki amenyoosha mikono juu yake.

"Bosi," alimwambia msimamizi bila kugeuka, "endelea na kazi yako."

Msimamizi hakusogea. Akamtazama Daktari Mende, naye Daktari Mende akatazama ukuta. Mwisho Mzee mwenyewe alikwenda nyuma ya injini, akapapasa, akaipata swichi. Mapanga yakaanza kuzunguka.

Dada alipiga magoti kwenye yale mabati, kando ya ule mfuko mmoja mzima. Zilizopata mahali zilikuwa zimeanza kujikunja ncha kwa kukosa mkandamizo, na zisipofika kwenye mbao za kuzibana kabla ya jioni zingeota ukungu nazo. Alianza kuzipanga moja moja kati ya trei kavu, akisoma kwa sauti kila mahali alipopanga ili asichanganye: kisima cha chini, mwinuko wa mawe mawili, kisima cha chini, njia ya makaburini. Nyuma yake mashine ilinguruma. Hakugeuka kumtazama Mzee, na Mzee hakuja.